Mduara wa Majivu

Bata alikuwa akiatamia chini ya kitanda cha bibi, na mtu pekee katika nyumba ile aliyeona jambo hilo lina kasoro nilikuwa mimi. Nilikuwa nimerudi Kibondo na shahada ya elimu ya jamii, nikawa naomba kazi Kasulu, Kakonko na kwingineko bila kujibiwa. Kwa kukosa cha kufanya, nilihoji kila kitu. Kwa nini bata alale ndani wakati banda lipo? Kwa nini nguzo za mzinga wa nyuki zisimame katika makopo ya oili chafu, ilhali miguu ya kitanda cha mgonjwa imekanyaga udongo mtupu?

"Anaatamia vizuri akiwa na mtu karibu," bibi alinijibu. "Na mimi nalala vizuri nikiwa na mwenzangu."

"Bibi, yule ni bata."

"Huko chuo mlikuwa mnalala wangapi chumba kimoja?"

"Sita."

"Na wote walikuwa wasafi kama huyu?"

Mama, aliyekuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo, alicheka mpaka akaweka ungo chini. Mambo ya nyumba yetu yaliishia hivyo mara nyingi: mimi nauliza, bibi anatania, mama anacheka, na bata anabaki palepale.

Bibi alikuwa mama yake baba. Baba alikwishafariki, na babu pia, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu. Tangu alipoteleza kule bondeni na kuvunjika nyonga, bibi hakutembea tena. Mfupa uliunga vibaya. Kitanda chake kilikuwa chumba cha nyuma, chini ya dirisha dogo linalotazama bustani, na kutoka hapo aliitawala bustani yote kwa sauti. Aliona tuta la nyanya chungu lililokosa maji kabla sisi hatujaliona. Alijua bata yupi ameingia kwenye lengalenga, mchicha wetu. Mama alimtii kama alivyomtii siku alipoletwa pale akiwa bibi arusi, na bibi alimwita "mwana wanje," mwanangu, kwa Kirundi cha kwao, wala sijapata kusikia akimwita mkwe.

Jambo moja tu lilikuwa halizungumziki. Tangu aanguke, bibi hakutoka ndani ya ile nyumba. Hata hospitali alipelekwa akiwa amezimia. Alipozinduka huko alilia mpaka wakamrudisha na mfupa wake. Kanisani hakwenda, msibani hakwenda. Tulipompa wazo la kuketi uani apigwe jua, alisema, "Jua naliona dirishani. Mimi nimeshatoka kwenye nyumba mara moja, inatosha."

Ile mara moja tuliijua wote. Alikuwa mke mchanga ng'ambo ya mpaka, hajazaa, wakati wa vita. Moshi ukaonekana kilima cha pili. Babu akaja mbio akasema ni sasa hivi. Mama mkwe wa bibi alikuwa na miguu mibovu, hawezi safari ya porini. Akawaambia, "Nendeni, nitawafuata." Wakaenda. Chungu cha maharage kilibaki motoni.

Nilikua nikiisikia hadithi hii na nilipofika chuo nikaanza kuisikiliza vibaya. Maana ilibadilika. Mara mama mkwe alikuwa amekaa jikoni, mara alikuwa amelala. Mara ilikuwa asubuhi, mara jua lilikuwa linazama. Mara babu alikuwepo akasikia, mara alikuwa ametangulia. Hilo halikunishangaza; kumbukumbu ya mtu ni kitu kilichoshikwashikwa. Kilichonitia shaka ni kile kisichobadilika. Maneno yale mawili, nendeni, nitawafuata, yalikuja kila mara yakiwa mazima, yamenyooka, kama kitu kilichotunzwa mbali na mikono. Nilijiapiza kwamba siku moja nitamuuliza kama mama mkwe wake aliyasema kweli. Mimi ndiye niliyeuliza kila kitu.

Mwaka huo mabasi ya wakimbizi wanaorudi kwao yalikuwa yakipita barabara kuu, yamejaa magodoro na mabeseni. Sisi hayakutuhusu. Babu aliapa uraia, baba aliapa, mimi nimezaliwa hapa na Kiha nakisema kuliko Kirundi. Lakini kila ngurumo ya basi ilipofika chumbani, bibi aliuliza kwa sauti ndogo, "Wanatutafuta na sisi?"

"Hapana, bibi."

"Umejuaje?"

Hilo swali lilikuwa langu kwa asili. Kulisikia kwake kulinikera.

Nyuki ndio walioanza. Mzinga wetu ni wa gogo, alioutoboa babu mwenyewe, umelazwa juu ya nguzo mbili nje kidogo ya kivuli cha mparachichi. Asubuhi moja nilishuka na ndoo ya kumwagilia nikawakuta wametoka, wamejibandika mdomoni mwa mzinga, wamening'inia kama ndevu. Hawakuruka. Walitetemeka tu, kundi zima pamoja.

"Joto," nilimwambia mama.

"Kuna baridi mpaka nimevaa sweta."

"Joto la ndani ya mzinga. Wanapunguza msongamano."

Mama alinitazama, hakubisha. "Wana neno hawa," alisema, akaenda kupalilia figiri.

Kisha bata wengine walikataa banda. Jioni walisimama katikati ya ua, shingo zimenyooka, vichwa vimegeukia bondeni, na tulipowaswaga waligawanyika na kukusanyika tena palepale. Nikasema pengine kuna kicheche kalala karibu. Kisha panya wakaanza kutembea mchana. Niliona mmoja akipita juu ya matuta ya vitunguu jua likiwa utosini, hana haraka ya kujificha, akielekea nyumbani kwetu. Nikasema ni mavuno. Wamefukuzwa mashambani wanatafuta ghala. Kila jibu langu lilikuwa linaweza kuwa kweli peke yake. Nilipoyaweka pamoja hayakunituliza.

Bibi aliyaona yote kwa dirisha lake. Utani ulimwisha. Alishinda ameshika ukingo wa dirisha kwa vidole viwili.

"Ilikuwa hivihivi," alisema.

"Lini?"

"Kabla."

"Bibi, kabla ya vita nyuki hawajui kitu. Vita ni vya watu."

"Na nani kasema vita?" Akanigeukia. "Nimesema kabla."

Nyuki waliondoka Jumapili. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kanisani, hajavua viatu. Tulisikia mvumo ukipanda, tukatoka mbio, tukaona wingu jeusi likizunguka juu ya mparachichi, likajikunja, likanyooka, likaenda upande wa Murungu. Nilisogelea mzinga. Kwa kawaida ungesogea hivyo bila moshi ungejuta. Nikauchungulia. Masega yalikuwa yanatembea. Nilihitaji muda kuelewa kwamba si masega, ni siafu, wamefunika nta yote, na kwamba mmea wa kutambaa uliopanda nguzo moja ulikuwa umewavusha juu ya kopo la oili bila kulowa mguu.

Nilipotazama chini niliwaona wengine. Mkanda mwekundu mweusi, mpana kama kiganja, unatoka majani ya bondeni, unapita kati ya matuta ya lengalenga. Pembeni walisimama wale wenye vichwa vikubwa, taya juu.

Kwetu siafu hawapigwi vita. Kila mtu upande huu anajua la kufanya: unafungua milango na madirisha, unatoa watoto, wagonjwa, na mnyama yeyote aliyefungwa kamba, unakaa pembeni ukingoja. Wataingia, watakula mende, panya, kunguni, nyoka akiwepo, kisha wataondoka, na utapata nyumba safi. Watu wengine hata hufurahi. Hatari yao ni kwa asiyeweza kuondoka.

Mama alivua viatu vya kanisani akaingia chumba cha nyuma. "Mama, siafu wako bustanini. Tukutoe mapema, tuwapishe."

"Hapana."

"Ni jioni hii tu. Kesho unarudi."

"Hata wakati ule tulisema kesho," bibi alisema. "Leteni majivu. Zungusheni nyumba yote. Siafu havuki majivu."

Mama alinitazama. Nilikuwa na hoja zangu: kwamba majivu huwazuia wakiwa wachache, kwamba mvua ikinyesha yanakwisha kazi. Nilizisema. Bibi alitazama dirishani muda wote nikisema. Mwishowe mama akachukua ndoo, na kwa kuwa mama alichukua ndoo, na mimi nikachukua.

Majivu ya jiko letu yaliishia ukuta wa mbele. Nikakimbilia kwa jirani, mwenye duka la sukari na sabuni barabarani, mtu mzima mwenye tumbo na kofia ya kufuma, ambaye babu yake alikuja Kibondo kutoka pwani na ambaye alinunua mayai yetu ya bata yote. Alikuja na debe la majivu begani, anahema.

"Bi mkubwa!" aliita dirishani. "Siafu hawajengewi ukuta. Wanapishwa. Toka nje nikuoe, nikupeleke kwangu ukale pilau."

"Na mahari?"

"Debe hili la majivu."

"Nenda zako. Mgongo wenyewe umeazima, utanibeba na nini?"

Alicheka, lakini aliponigeukia hakuwa anacheka. "Mtoeni," aliniambia. "Mtoeni tu, hata akitukana."

Tulifunga mduara jua likiwa limeinama. Ulikuwa mstari mweupe uliozunguka kuta zote nne, mnene, mama akaupigapiga kwa kiganja pale ulipokuwa mwembamba. Siafu wa kwanza walifika chini ya dirisha la bibi, wakagusa majivu, wakarudi. Mkanda ukapinda, ukaanza kuufuata mstari kwa nje, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

"Mnaona!" bibi alisema. Kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake ulilegea. "Mwana wanje, mnaona?"

"Tunaona, mama."

Mimi nilikuwa natazama mlango wa mbele. Panya alikuwa ametoka. Alisimama kwenye majivu, miguu ya mbele myeupe, akatetemeka, akavuka akatokomea uani. Akatoka wa pili. Akatoka mwingine na mwanawe mdomoni. Nikajiuliza, kwa utulivu ambao sasa unanitisha, kwa nini panya wanatoka ndani kwenda nje, wakati siafu wako nje.

Ndipo bata alipopiga kelele. Bata wetu wale huzomea kwa pumzi tu, sauti kubwa hawana, lakini huyu alipiga kelele. Nilipofika chumbani alikuwa amesharuka kutoka chini ya kitanda, anajigonga ukutani, mbawa wazi. Nikapiga magoti nikachungulia. Mayai yalikuwa yameanza kuanguliwa. Nilisikia vifaranga vikilia ndani ya maganda. Na pale ukuta unapokutana na sakafu, kwenye ufa ambao mama alikuwa akisema kila kiangazi ataukandika, udongo ulikuwa unabubujika siafu. Hawakuvuka majivu yetu. Walikuwa wamekwishapita chini yake, kwa njia za panya, huenda tangu asubuhi. Sisi tulikuwa tumewazungushia na kuwafungia ndani pamoja na bibi.

"Wako chini ya kitanda," nilisema.

Mama aliingia, akatazama, akafunua blanketi. Walikuwa wamefika kwenye shuka upande wa ukutani. Bibi aliwaona. Alivuta pumzi ndefu, akajiweka sawa kwenye mto kama mtu anayejiandaa kupigwa picha.

"Tokeni," alisema. "Nendeni. Nitawafuata."

Sijui kama aliyasikia maneno yake. Mimi niliyasikia. Mama aliyasikia pia, maana mikono yake ilisimama hewani na blanketi. Siafu walikuwa wanatupanda miguuni, nilihisi taya ya kwanza nyuma ya goti, kisha nyingine, na bado hakuna aliyesogea.

Kisha mama akaketi. Aliketi pembeni ya kitanda, upande wa ukuta, walikokuwa wengi.

"Unafanya nini?" bibi akasema.

"Nakaa."

"Ondoka, mwana wanje. Una mtoto."

"Nakaa, mama. Mimi sitakuacha hapa nikaja kuwasimulia watu kwamba ulisema utanifuata."

Alisema polepole, hakupandisha sauti. Mama yangu, aliyekuwa akicheka na ungo mapajani kila hadithi ile iliposimuliwa kwa vichekesho vyake vya njiani, vya babu kupotea na kuku kwapani. Miaka yote hiyo nilidhani shaka ni yangu peke yangu, kwamba niliileta kutoka chuo. Kumbe ilikuwa humu ndani kabla sijazaliwa, inapika, inafua, inamwita mama.

Bibi alimtazama. Sikuweza kuusoma ule uso na sitaki kudai niliusoma. Kisha akaachia ukingo wa dirisha.

Tulimbeba na shuka, mimi kichwani, mama miguuni, jirani akatupokea mlangoni akipiga mayowe na kukanyagakanyaga. Tuliuvuka mstari wa majivu ukafutika. Tukampeleka jiko la nje, mwisho wa ua, tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, jirani akamwaga mafuta ya taa kukizunguka. Ilibaki kuwatoa siafu mwilini mwake mmoja mmoja. Ukimvuta, kiwiliwili kinakuja, kichwa kinabaki kimeng'ata. Bibi hakulia. Miguu yake, ambayo haikuwa na kazi tena, ilikuwa na vichwa vidogo vyeusi kama mbegu za mchicha. Mama alivitoa vyote, kwa kucha, ameinamisha uso.

Ndani ya nyumba kulikuwa na mlio, kama manyunyu juu ya majani makavu. Vifaranga vilisikika kwa kitambo. Kisha ulibaki ule mlio peke yake.

Kesho yake walikuwa wamekwenda. Nyumba ilikuwa safi kama walivyosema watu. Hakukuwa na mende hata mmoja. Chini ya kitanda palikuwa na maganda ya mayai, mepesi, makavu kwa ndani, kana kwamba hayakuwahi kuwa na kitu. Mama alikandika ule ufa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, akasugua chaga, akaweka miguu minne ya kitanda katika makopo ya oili chafu. Swali langu la zamani likapata jibu. Kisha tukaenda kumchukua bibi.

"Siingii," alisema.

"Pamesafishwa, mama. Njoo uone."

"Nyumba niliyotoka sijawahi kuirudia." Akatazama barabara, ambako jiko lile limefungukia. "Asante, mkamwana. Uji ulikuwa mtamu."

Mkamwana. Ni neno la heshima, mke wa mwanawe, hakuna wa kulalamika. Mama aliinua kikombe akaondoka nacho, na tangu siku hiyo sijasikia akiitwa vinginevyo.

Amekaa jikoni tangu wakati huo. Mvua zimekuja, tumemwezekea bati na kumjengea ukuta wa matofali mabichi. Ameomba kitenge, akafunga ndani yake gauni, sahani, kipande cha sabuni, na kifurushi hicho hulala nacho kichwani. Basi likipita haulizi tena kama wanatutafuta. Anageuza tu uso na kulifuata mpaka linaishia. Bustani hatawali. Nimeona bata wakiharibu tuta zima la figiri mbele ya macho yake asiseme neno. Anakula kidogo, na kila wiki kidogo kuliko wiki iliyopita. Mama hupika, hupeleka, husimama kidogo mlangoni, hurudi. Mzinga nimeusafisha, nimeupaka nta, nimekata ule mmea. Kila asubuhi nautazama kabla sijafanya chochote. Mimi, ambaye naweza kukueleza kwa nini nyuki huhama na kwa nini hawana habari na mambo ya watu. Hakijaingia kitu.

Juzi jioni nilikuwa napita na ndoo, bibi akaniita.

"Mwana wanje, njoo."

Nikakaa kwenye kigoda. Alikuwa amelala ubavu, kifurushi kifuani, anatazama makaa.

"Wewe huwa unauliza," alisema. "Siku hizi huulizi."

"Nimechoka kuuliza, bibi."

"Kuna moja ulitaka kuniuliza toka uliporudi. Nilikuwa nakuona unalizungusha mdomoni kama pipi." Aliniangalia sasa. Macho yake yalikuwa makavu, na hayakuwa na utani. "Liulize. Leo nitajibu."

Uani mama alikuwa ameacha kufagia. Sikusikia ufagio.

Nililitafuta lile swali na lilikuwepo, zima, limenyooka. Nikasimama. Nikamwambia lengalenga hazijapata maji tangu asubuhi na jua limekuwa kali. Nikachukua ndoo nikashuka bondeni, nikamwagilia tuta moja baada ya jingine, mpaka maji yakaanza kutiririka njiani, na sikugeuka kutazama kule jikoni.